Tulivyopeleka Posa Lupiro kwa Mshale wa Setilaiti

Sababu ya safari ilikuwa moja tu: kumwombea Severini mke. Severini ni mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari hapa Kidatu, na mimi shangazi yake ndiye niliyemlea tangu akiwa hajui kufunga vifungo vya shati. Alikuwa amempenda Edita, binti wa Mzee Bonifasi wa Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero. Safari yetu ya kwanza ya kupeleka posa ilikatishwa njiani na mvua, na Mzee Bonifasi akatuma ujumbe kwamba atatungoja Jumamosi moja tu, mwisho saa sita mchana. Tukikosa tena, atawapa nafasi watu wa Mahenge, ambao nao walimtaka Edita kwa kijana wao mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Mshenga wetu alikuwa Bwana Tadei, jirani yetu kwenye kambi ya wafanyakazi wa kiwanda. Miaka hiyo ya tisini, simu za mkononi tulikuwa tunazisikia tu kwamba ziko Dar es Salaam, lakini Bwana Tadei alikuwa na chombo kikubwa kuliko simu. Aliwahi kuwaendesha wazungu fulani waliokuwa wanahesabu tembo, na walipoondoka wakamwachia zawadi: jipiesi. Kilikuwa kidude cheusi kama tofali, chenye kioo kidogo na tumbo la betri nne. Kinazungumza na setilaiti, alituambia, na ukishakionyesha mahali mara moja hakisahau maisha. Ramani ya barabara hakikuwa nayo. Kilikuwa na mshale na namba tu: mshale unaonyesha upande, namba inaonyesha umbali. Mto, mlima na shimo vilikuwa juu yako.

Bwana Tadei alikuwa amekwenda Lupiro wakati wa palizi kutoa habari zetu, akapokelewa vizuri na Mzee Bonifasi, na papo hapo akabonyeza kidude chake kuandika mahali pale. Basi kambi nzima ikaambiwa kwamba njia ya kwa wakwe sasa iko angani.

Jumamosi alfajiri, Kidatu. Tulikuwa watatu: Bwana Tadei mbele juu ya pikipiki ya Severini, kidude kimefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, nyuma yake mimi na mdogo wangu Gabrieli kwenye Land Rover ya kuazima. Pikipiki ile kila mtu anaijua, nyekundu, isipokuwa tenki lake, ambalo ni la kijani upande mmoja kwa sababu rangi nyekundu ilimwishia mwenyewe akiwa katikati ya kazi. Severini hakuja, bila shaka. Kwa desturi, mwoaji hakanyagi kwa wakwe kabla posa haijapokelewa; na kama amekwisha kukanyaga, hajakanyaga.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu kidude kilikuwa kinatafuta setilaiti. Bwana Tadei alisimama katikati ya barabara ya kambi amekiinua juu kama padri na Ekaristi, na watu waliotoka zamu ya usiku wakasimama kumtazama. Severini akamsogelea.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "kipindi hiki watu wa kule wamekwisha kuvuna. Nadhani watakuwa wamehama mashambani, wamerudi kijijini."

"Umejuaje?" Bwana Tadei akamwuliza.

Severini akainamia gurudumu la pikipiki. "Nadhani tu."

"Mwoaji hadhani. Mwoaji anangoja."

Nilimwona kijana wangu anataka kusema neno jingine, akalimeza. Mimi nami sikulichukulia uzito. Sisi watu wa kambi tumetoka kila mkoa kuja kukata miwa, na mpunga tunaujua ukiwa sufuriani. Sikujua kwamba watu wa bondeni msimu wa kilimo hufunga nyumba zao, wakahamia mashambani na sufuria na kuku, wakaishi huko kwenye madungu, vibanda vya miti, wakifukuza ndege hadi mavuno yaishe.

Mang'ula, jua likiwa limeshapanda. Barabara inapita chini ya milima, miti imefunga juu, na kidude kikakata tamaa. Bwana Tadei akasimama, akashuka, akakitikisa, akakipeleka kwenye uwazi, akarudi. Barabara ni moja. Haina njia panda ya kumpoteza hata mbuzi. Gabrieli alimwambia, "Bwana Tadei, si twende tu?" Akajibiwa kwamba hatuwezi kwenda bila kujua tulipo. Tulikuwa Mang'ula, kibao kilikuwa pale, kimeandikwa Mang'ula. Nilitamani kushuka nikampige na kiatu, lakini mshenga hagombezwi njiani. Ndiye mdomo wa msafara, sisi wengine ni wa kukohoa, na ukimvunjia heshima kabla ya kufika umevunja posa yenyewe. Nikafunga kinywa changu nikala muwa.

Ifakara, kwenye saa nne. Mji ulikuwa na vumbi na baiskeli, kila baiskeli na gunia lake la mpunga mpya. Mshale ulikuwa unaelekea ukuta wa nyumba ya kulala wageni. Bwana Tadei akaufuata hadi ukutani, akageuza pikipiki mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai, akajaribu uchochoro wa pili, ukamtoa kwenye ua wa mtu aliyekuwa anaoga. Njia ya kivukoni tuliipata baada ya mimi kuulizia kwa siri dirishani, Gabrieli akapiga honi na kuongoza mbele kana kwamba breki zimemshinda.

Kivukoni tulipanda pantoni. Mto ulikuwa umetulia, na mshale ulikuwa umelalia upande wa kushoto. Bwana Tadei akamwendea mwendesha pantoni.

"Ndugu, sogea kushoto kidogo. Tunakokwenda ni kule."

Yule bwana akamtazama, akatazama tofali lililofungwa kwa mpira. "Mzee, pantoni inatia nanga gatini. Huko kushoto ni kwa viboko."

Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja na kapu la kambale. Tukasalimiana, nikamwambia tunakwenda kwa Mzee Bonifasi wa Lupiro.

"Yupo nyumbani kwake kijijini," alisema. "Alishavuna, shambani hamna mtu sasa."

Nikamfikishia Bwana Tadei maneno hayo, kwa adabu zote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama Agata," akasema, "setilaiti iko juu, inaona bonde lote. Yule mama yuko chini, anaona kapu lake."

Ng'ambo ya mto, barabara ya Lupiro inakwenda moja kwa moja, nzuri kwa wakati wa kiangazi. Tuliifuata kidogo tu. Kisha mshale ukainama, na Bwana Tadei akainama nao, akaiacha barabara akaingia mashambani. Land Rover ikamfuata juu ya majaruba ya mpunga, ikiruka kila tuta, na kichwa changu kikawa kinabisha hodi kwenye paa. Mahali palipoonekana pakavu hapakuwa pakavu. Tulizama. Nikashuka na kitenge changu cha harusi, na viatu nilivyoviazima kwa mwalimu, nikasukuma gari tope likiwa magotini, huku mshenga wetu amesimama mbele kwenye nchi kavu akitusomea namba zinavyopungua.

Saa sita ilipita tukiwa bado tunasukuma. Niliisikia ikipita. Nilimfikiria Severini, ambaye asubuhi ile alikuwa amenyoosha shati la kazi kama anakwenda kanisani yeye, na nikalia kidogo nyuma ya gari, Gabrieli asinione.

Shambani tulifika hatimaye. "Namba inakaribia sifuri," Bwana Tadei akatangaza. "Na mzee yule pale, ametoka kutupokea."

Kweli, mbele ya dungu alikuwa amesimama mtu mwenye koti, mikono ameinyoosha kabisa. Bwana Tadei akazima pikipiki, akavua kofia, akasogea hatua chache ameinama. "Shikamoo, mzee wetu." Hakuitikiwa. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Ndege akatua begani kwa mzee, na hapo hata Bwana Tadei akaona kwamba ni sanamu ya kutishia ndege, imevikwa koti kuukuu na kichwa cha debe.

Hapakuwa na mtu. Dungu limebaki miti, mashina ya mpunga yamekatwa pande zote hadi macho yanapoishia. Nikaenda kukitazama kidude mwenyewe. Tulikuwa tumesimama tuli wote watatu, na chenyewe kilikuwa kinasema tunatembea.

"Kinajirekebisha," akasema Bwana Tadei.

Heshima yangu iliishia pale. Nilimwambia apande Land Rover akae nyuma yetu, asiseme kitu. Nikamsimamisha mtu aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia, nikamwuliza.

"Kwa Mzee Bonifasi? Rudini barabarani, mtapaona. Nimepita pale sasa hivi, ana wageni kutoka Mahenge."

Gabrieli akapanda pikipiki, mimi nyuma yake, kitenge kimekunjwa hadi mapajani na aibu nimeiacha majarubani. Bwana Tadei ndiye aliyebaki kuendesha Land Rover, akitufuata.

Lupiro, saa nane kasoro. Watu wa Mahenge walikuwa wameketi kwenye viti, wamenyooka, wasafi, wameshanawa mikono baada ya kula. Sisi tuliingia kama watu waliofukuliwa. Mzee Bonifasi aliitikia shikamoo zetu bila kusimama. Bwana Tadei akakumbuka kwamba yeye ndiye mdomo.

"Mzee, hatukuchelewa," alianza. "Tulifika kwako mapema. Kwa mujibu wa setilaiti, nyumbani kwako ni kule shambani."

"Hiyo setilaiti," Mzee Bonifasi akamwuliza taratibu, "imewahi kulala kwangu?"

Nikapiga magoti kabla mdomo wetu haujafunguka tena. "Mzee wangu, tumekosa. Tumechelewa kwa ujinga, siyo kwa dharau. Nakuomba usimhukumu kijana kwa wazee aliopewa."

Mzee Bonifasi akawatazama watu wa Mahenge. Kisha akasema kwamba alikuwa ameshawaahidi watu wa Mahenge binti aulizwe mbele yao, na kwa kuwa nasi tumeingia uani kwake, ataulizwa mbele yetu pia. Edita akaitwa. Alikuja ameshika khanga kifuani, macho chini.

"Wageni hawa wa Mahenge unawafahamu?"

"Siwafahamu, baba."

"Na hawa wa Kidatu?"

Akanitazama. Alikuwa hajaniona hata siku moja. Akamtazama Gabrieli, akamtazama Bwana Tadei na kidude chake mkononi, na mshenga wa Mahenge akaanza kutabasamu. Edita akatazama nyuma yetu, kwenye uzio, ilikoegeshwa pikipiki nyekundu yenye tenki la kijani upande mmoja.

"Wazazi hawa siwafahamu," alisema. "Pikipiki ile naifahamu."

Mama yake akajifunika uso na khanga. Mzee Bonifasi akaigeukia pikipiki, akaitazama muda mrefu.

"Unaifahamu wapi?"

"Inapita, baba."

"Wapi?"

"Kule kisimani."

Nilingoja tufukuzwe. Mzee akamgeukia Bwana Tadei. "Kumbe pikipiki inapajua hapa miaka yote," alisema. "Wewe uliyeipanda leo ndiye uliyeipoteza." Watu wa Mahenge walikuwa wa kwanza kucheka, ninawashukuru hadi leo. Posa yetu ikapokelewa, pamoja na onyo kwamba kijana atakuja mwenyewe kueleza habari za kisima.

Jumapili jioni tulirudi Kidatu. Bwana Tadei hadi leo anawaambia watu kambini kwamba kidude kilitufikisha, na kwamba sanamu ile ilikuwa mahali pale pale palipoandikwa, bila kukosea. Hapo hasemi uongo. Nilichojifunza mimi ni kwamba wazee tulizungushwa bonde zima kwa sababu ya adabu ya kujifanya mwoaji hajui njia, na sitaipa adabu hiyo kitenge changu cha pili.

Severini alikuwa ananingoja mlangoni. Nilipomwambia posa imepokelewa alikaa chini pale pale kizingitini. Nikamwacha apumue. Kisha nikamwambia, bila kumtazama, kwamba mwezi ujao tunapeleka mahari na njia imenichanganya.

"Ukitoka kivukoni, shangazi, usiiache barabara," alisema haraka. "Ukipita shule kata kulia, kuna kisima cha pampu, pale zima taa kwa sababu mbwa wao—"

Akajiziba mdomo.

"Endelea," nikamwambia. "Mbwa wao anaitwa nani?"