Nimetundikwa Dirishani kwa Tabasamu

Jirani yangu mpiga picha tunamwita Tabasamu, kwa sababu ndiyo amri anayowapa wateja, ingawa yeye mwenyewe haitii. Studio yake na kibanda changu cha ushonaji vina ukuta mmoja, kwa hiyo namjua kuliko anavyopenda.

Kwenye dirisha lake la kioo nimetundikwa mimi. Ni picha ya harusi yangu: nalia, wanja umechuruzika hadi kidevuni. Miaka kumi na tisa sasa wateja wangu wananiuliza ule ulikuwa msiba wa nani. Nimemwomba aitoe hadi nimechoka. Jibu lake ni lile lile: "Jirani, hiyo ndiyo kazi yangu bora. Halafu risiti si nilikupa? Soma nyuma."

Nyuma ya risiti, kwa herufi ndogo kama sisimizi, imeandikwa kwamba picha zote ni mali ya studio, na studio inaweza kuzionyesha itakavyo. Nani anasoma nyuma ya risiti siku ya harusi yake?

Basi mwaka huu Tabasamu akajiunga na mtandao wa kijamii, tena wa bure. Siku moja binti yake alimpiga picha amesinzia kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi, meno ya bandia yamelegea. Mtu mwingine angeifuta. Yeye akaitazama kitaalamu. "Ona mwanga ulivyoangukia shavu!" Akaipandisha mtandaoni kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ya tatu uso wake ukatokea humo humo kwenye tangazo la magodoro, na maneno chini: "Ukilala kwetu, utalala hivi." Mtaa mzima uliliona. Mwenye duka la jirani akaanza kumwita Bwana Godoro. Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alicheka hadi ikabidi arudi kesho yake.

Nilimkuta kaunta, amefura. "Nataka picha yangu! Sura yangu, usingizi wangu!" Alikuwa amewaandikia wenye mtandao mara nne bila kujibiwa. Binti yake alikuwa akimsomea masharti kwenye simu: ukipandisha picha, unaturuhusu kuitumia, na kuwapa wengine waitumie.

"Baba, ulibonyeza 'Nakubali.'"

"Sasa nani anasoma hayo?"

Mungu anisamehe, swali hilo nililisubiri miaka kumi na tisa. Nikaenda kwenye droo ya cherehani, nikarudi na risiti yangu na kuilaza kaunta, nyuma ikiwa juu. Binti aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea masharti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tabasamu alinywea. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikafurahi sana.

Asubuhi yake alikuja kibandani na bahasha. Ndani mlikuwa na picha yangu pamoja na filamu yake, ile ya kusafishia picha nyingine.

"Wale wa mtandao hawana hata mlango wa kugonga, jirani," alisema. "Wewe wangu umeugonga mpaka umechoka." Akakohoa. "Nimekuja kuuliza. Utakaa nayo, au unaniruhusu niirudishe dirishani?"

Niliitazama. Pembeni linaonekana bega la marehemu mume wangu, na mwanga, lazima nikiri, ni mzuri. Nililia kwa furaha siku ile. Nikaiweka filamu kwenye droo, picha nikamrudishia.

"Irudishe," nikasema. "Shida ni kwamba hukuwahi kuniuliza."

Tabasamu akabaki mdomo wazi, vilevile kama kwenye tangazo la magodoro.