Karatasi ya Kimeo cha Elie

Winifrida Evaristi alisomeshwa na vimeo vya watoto wa watu. Baba yake, mzee Evaristi wa Mabamba, kule Kibondo mpakani, alikuwa mkata kimeo. Mtoto akikohoa wiki mbili au akitapika maziwa, mama yake alimbeba hadi uani kwa mzee. Mzee alikifungua kinywa kwa kijiti, akaingiza kisu chake kilichopinda, na kile kinyama kinachoning'inia kooni kikatoka. Ujira wake kuku. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa ada, na Winifrida akawa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kasulu. Hakuona haya. Wapo waliosomeshwa na magendo ya mpakani. Kila mtu na mtaji wake.

Jambo moja tu alilifunika. Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu, mtoto mmoja alikatwa asubuhi, akavuja damu hadi jioni, akafa. Wazazi wake walikuwa Warundi, vibarua wa mashamba, hawana hata kipande cha karatasi ya nchi hii. Baba wa mtoto alitaka kwenda polisi. Winifrida alimkalisha, akampa maji ya kunywa, akamwambia kwa upole, "Nenda, kaka. Ila wakikuuliza kitambulisho, utawaonyesha nini?"

Yule baba hakwenda. Winifrida akaandika makubaliano kwa mkono wake: mtoto aliletwa taabani kwa homa, hakuguswa kwa kisu, wazazi hawana dai. Wazazi, wasiojua kusoma, wakatia dole gumba, ofisi ya kijiji ikagonga muhuri, ikanywewa pombe ya ndizi, mambo yakaisha. Mzee Evaristi akaendelea kukata, na anakata mpaka leo, ingawa mkono umeanza kutetemeka.

Mwaka huu Winifrida alikuwa akifundisha vyanzo vya historia, na mada aliyoichagua ni upasuaji wa zamani, kwa sababu watoto hawasinzii panapotajwa damu. Alianza na barua ya daktari mmoja wa misheni, ya miaka ya thelathini, iliyotafsiriwa. Daktari aliwaandikia watu wa kwao kwamba wenyeji wanakatana kwa visu vya kutu, na kwamba yeye peke yake, kwa meza moja na taa moja, anaokoa roho mia.

"Alikuwa anataka nini?" Winifrida aliuliza.

"Kutueleza upasuaji ulivyokuwa," alisema Fidele, kijana wa dawati la mbele.

"Wewe alikujua? Alikuandikia wewe?"

Darasa likacheka. Tunu, msichana ambaye ulimi wake haukukaa, akasema, "Alitaka wamtumie hela ya meza ya pili, Madam."

"Haya."

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Sikusema mwongo. Nimeuliza alitaka nini. Muuza nyanya akikwambia zimechumwa leo, husemi ni mwongo wala mkweli. Unajua anauza, basi unazigeuza kwa mkono." Akaandika ubaoni maswali matatu: Nani aliandika? Alimwandikia nani? Alitaka msomaji afanye nini? "Na chanzo kikisema uongo msikitupe. Uongo nao uliandikwa kwa kazi fulani. Itafuteni hiyo kazi."

Akawaagiza Alhamisi kila mmoja alete kutoka nyumbani karatasi yoyote ya mtu kupasuliwa.

Alhamisi zikaja kadi za kliniki, fomu ya ridhaa ya mama wa Fidele aliyejifungua kwa kisu, picha ya shangazi wa mtu akiwa na bandeji. Ininahazwe, msichana mkimya wa dawati la nyuma, alileta mfuko wa sukari uliofungwa mafundo matatu.

"Ni ya mdogo wangu Elie," alisema. "Alikufa tukiwa Mabamba. Mama hajui kusoma, na hii karatasi hajawahi kumpa mtu. Amenipa kwa sababu nimemwambia ni ya shule. Anasema nisiitoe mpaka mbele ya mwalimu."

Kwao Ininahazwe karatasi yenye muhuri haitupwi. Waliovuka mpaka mikono mitupu waliishi miaka mingi wakiulizwa karatasi, na hii ilikaa chini ya godoro pamoja na cheti cha uraia kilichokuja baadaye. Elie hakuandikishwa popote akiwa hai. Jina lake liliandikwa hapa tu, na mama yake aliamini hapa ndipo serikali ilipokubali kwamba mwanawe alikatwa akafa.

Winifrida aliijua karatasi kabla haijakunjuliwa. Wino wa kijani. Siku ile kalamu ya bluu ilikuwa imekwisha.

Angeweza kusema hii ni siri ya familia, irudishe nyumbani. Lakini mtoto alikwisha kuanza kusoma. Alisoma vizuri mpaka "hakuguswa kwa kisu", akarudi nyuma, akaisoma tena sentensi ile.

"Madam, mama anasema alikatwa. Hata mimi nakumbuka kitenge kilivyolowa."

"Basi karatasi ya uongo," alisema Fidele. "Haina maana."

"We nawe," alisema Tunu, "juzi tumeambiwa nini? Uliza ilikuwa na kazi gani. Kazi yake kumlinda mkataji. Wameandikiwa polisi, hata kabla hawajaja."

"Na nani aliandika?" Fidele aliuliza. "Hakuna jina."

"Msomi. Mtendaji kagonga muhuri tu. Huyu alijua wazazi hawasomi, ndiyo maana anawasemea." Tunu alimgeukia mwalimu. "Tujaze 'hajulikani', Madam?"

Winifrida alisimama na chaki mkononi. Siku mbili kabla, baba yake alimwambia kwa simu kwamba Jumamosi ataletewa watoto wawili. Karatasi ile iliweza kumlinda mara moja. Akifa mtoto wa pili, hiyo ndiyo itakayotolewa kwanza kuwa ushahidi, na mwandiko ulio juu yake ni wa Winifrida. Alipiga hesabu hiyo haraka kama alivyopiga nyingine zote maishani. Lakini watoto arobaini walikuwa wameshika kalamu wakisubiri wajaze nini, na kwa hilo hakuwa na hesabu.

"Msijaze 'hajulikani'," alisema. "Mkataji ni baba yangu. Niliyeandika ni mimi."

 Ininahazwe aliikunja karatasi palepale kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha mfukoni, akafunga mafundo matatu.

Mchana mwalimu alifuatana na Ininahazwe hadi kwao, nje kidogo ya mji. Mama yake, Esperance, alikuwa akianika mihogo. Baba yao alikwisha kufariki.

"Mwiriwe, mama," Winifrida alisalimia kwa Kirundi.

Esperance alimtazama usoni. "Wewe ni binti wa mzee," alisema. "Ulitupa maji ya kunywa."

Winifrida hakukaa. Alimsomea karatasi yote kwa Kirundi, neno kwa neno, hakulainisha kitu. Alipomaliza, Esperance aliendelea kugeuza mihogo, kipande kimoja kimoja.

"Jina la Elie limo?"

"Limo."

"Na kukatwa?"

"Hakumo."

"Miaka yote hii nimelalia nini?"

"Samahani, mama," alisema Winifrida.

"Samahani yako sina pa kuiweka," alisema Esperance. "Andika nyingine."

Ininahazwe akaleta daftari. Winifrida aliandika akiwa amechuchumaa: mimi Winifrida, binti wa Evaristi wa Mabamba, baba yangu alimkata kimeo Elie, mtoto alivuja damu hadi jioni akafa, karatasi ya kwanza niliiandika mimi, na niliandika uongo. Akatia sahihi.

"Hiyo siijui," alisema Esperance akiitazama sahihi. "Tia dole. Sisi tulitia."

Hapakuwa na kidau cha wino. Ininahazwe aliipasua kalamu kwa meno, mwalimu akapaka gumba, akalibandika. Esperance akaziweka karatasi zote mbili mfukoni.

"Utaipeleka wapi?" Winifrida aliuliza.

"Wewe ulinieleza ya kwanza ilikuwa ya kazi gani?"

Njiani Winifrida alimpigia baba yake. "Baba, watoto wa Jumamosi warudishe. Wapelekwe zahanati."

"Kuna nini?"

"Kuna karatasi."

"Karatasi ya nani?"

"Yangu."

Kuku walisikika nyuma ya mzee. "Ile ya kwanza uliiandika vizuri sana," alisema, akakata simu.