Kofia ya Baba Mdogo na Kanuni ya Dirii

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alinipa kofia iliyonyeshewa, na nilipoivaa nikanusa ngozi iliyolowa yenye jasho la mtu mwingine. Nilimwomba asubiri kidogo kabla hatujaondoka. Harufu hiyo naijua tangu nina miaka kumi na mmoja, kwetu Kamuli, karibu na mpaka wa Uganda, na haijawahi kunifanyia wema.

Tulikuwa na dadu moja tu, iliyobaki baada ya mbuzi kutafuna ubao wa ludo. Bila ubao hatukuwa na pa kukimbizia kete, kwa hiyo tukaanza kukimbiza hadithi. Kila mtoto alijichagulia mtu, akampa jina na kumwekea buni kumi za kahawa, ndiyo uhai wake. Mimi nilikuwa msimulizi: umefika mtoni, mnyang'anyi ametokea, unafanya nini? Mchezaji alijibu, dadu ikaamua. Pigo moja lilikula buni tatu. Zikiisha, mtu wako amekufa, na wapo waliolia kweli.

Likizo ile ya mavuno ya kahawa tulichoka kufa. Ndipo rafiki yangu Speransia akasema tuwavishe watu wetu dirii, neno tulilolipata kanisani, vazi la chuma la askari wa zamani. Speransia alikuwa binti wa kibarua aliyechuma kahawa katika kibanja chetu, yaani shamba la nyumbani. Wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa. Kwa kutunga kanuni za mchezo alitushinda sote. Shida ilikuwa moja: dirii inafanya nini hasa?

Mimi nilisema inazuia. Adui asipopata sita, pigo halijaingia, buni zako zote zipo.

"Hapana," alisema Speransia. "Baba akivaa magunia kwenda kuvuna asali, nyuki wanamfikia tu. Ila anavimba kidogo badala ya kuvimba sana. Pigo liingie, lakini lichukue buni moja, si tatu."

Tulibishana siku mbili, hadi nikaamua kwenda kwa mtu ambaye neno lake kwangu lilikuwa la mwisho. Baba mdogo Laurenti, mdogo wake baba, alikuwa ameitwa vitani miaka ile ya vita vya Uganda, akarudi na kofia ya chuma yenye kibonyeo juu ya sikio la kushoto. Alituacha tuivae kwa zamu. Ilitufunika hadi puani, na ndani yake tulivuta ile harufu ya ngozi na jasho tukajiona majemadari.

Nilimkuta akichambua kahawa mkekani. Nikamwonyesha kibonyeo cha kofia, nikamwuliza mbele ya wenzangu wote, "Baba mdogo, risasi ilipokupiga hapa, uliumia?"

Alikipapasa kile kibonyeo kwa kidole gumba. "Iligonga ikarudi ilikotoka," akasema. "Sikusikia kitu."

Nikaandika kwenye daftari: dirii inazuia. Speransia akasema bado hakubali. Hapo nikamwambia maneno ambayo hakuna aliyenituma niyaseme: "Baba yako ni kibarua, vita anavijulia wapi? Nenda ukacheze na nyuki." Wenzangu walicheka. Yeye alihesabu buni zake kumi, akazirudisha mkekani alikozitoa, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili akaja mgeni kwa baiskeli kutoka Kibingo, mtu wa makamo, suruali imejaa vumbi jekundu. Mama alinipa chai nimpelekee. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia uani, ambako mtoto mmoja alikuwa ameivaa kofia.

"Laurenti," alimwambia baba mdogo, "nimesikia watoto wa hapa wanachezea kofia ya kaka yangu. Mama yetu anaumwa. Anataka kuishika."

Nikaona nimsaidie baba mdogo kujibu. "Hiyo ni ya baba mdogo," nikasema. "Risasi iliigonga ikarudi."

Mgeni alinitazama bila hasira. "Hapakuwa na risasi, mwanangu. Lori la chakula lilipinduka mteremkoni, hata mpaka hawajavuka. Kaka yangu alikuwa ameivaa, akagonga jiwe. Aliishi siku tatu. Huyu baba yako mdogo ndiye aliyekaa naye."

Nilingoja baba mdogo amkatalie. Nilingoja hasa, na sinia bado mkononi. Yeye alikuwa anatazama miguu yake.

"Editha," akaniambia, "mpe mgeni kofia yake."

Niliifuta ile kanuni hadi karatasi ikatoboka, kisha nikaenda kulia nyuma ya jiko. Kwa miezi mingi nilimwamkia baba mdogo nikipita, bila kungoja aitikie.

Asubuhi iliyofuata ujio wa mgeni nilikwenda kwa kina Speransia. Alikuwa akichagua maharage. Nilimweleza yote, kisha nikamlaumu: "Mbona hukusema?"

"Nilisema," akajibu, bila kuinua kichwa.

Tuliiandika upya pamoja, buni moja badala ya tatu, kwa mwandiko wake. Lakini kwetu hakuja tena kucheza, na mavuno yalipokwisha yeye na wazazi wake wakahamia Ndama.

Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipotambua kwamba swali langu lilikuwa limebeba jibu lake. Baba mdogo alimwangalia mwenzake akifa siku tatu, na mimi nikamletea kundi la watoto waliotaka awe ameokoka kwa ile kofia. Alituambia tulichotaka. Hilo naelewa. Kumsamehe ni kazi nyingine, na sina hakika nimeimaliza. Lakini nilimwamini yeye kwa kuwa ni wa kwetu, nikamkataa Speransia kwa kuwa baba yake alikuwa kibarua wetu. Siku ile niliyolia nyuma ya jiko nikijiona nimesalitiwa, kulikuwa na msichana ambaye mimi nilikuwa nimemsaliti wiki mbili nzima, na yeye hakuwa na wa kumlilia.