Mizunguko Minne ya Mwisho

Nina hasira na mvua, na mvua yenyewe haikunyesha hata kwetu. Ilinyesha Ulaya, kwenye barabara ya mashindano iliyozungukwa na misitu, Jumapili moja ambayo huku Mji wa Kale jua lilikuwa kali hadi paka wamejilaza ndani ya mitaro mikavu. Naikasirikia mvua kwa sababu ni rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe. Huko nako nitafika.

Hakuna aliyenifundisha kutangaza mbio za magari. Nilijifunza langalanga kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikitazama mashindano ya zamani na kusimamisha picha kila dakika ili niandike. Nilijaza madaftari matatu. Kila neno la Kiingereza nililolisikia nililitafutia la kwetu, na nisipolipata sikulala vizuri. Nilijirekodi nikitangaza, na nikisema "eee" mara moja tu, nafuta yote na kuanza upya. Chumba changu na cha mamangu kule Majengo vimetenganishwa kwa pazia, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu wa kwanza, apende asipende. Alikuwa akikata viazi upande wa pili na mimi upande huu narudia sentensi ile ile mara ishirini.

"Ya kumi na mbili ilikuwa nzuri," alinambia siku moja. "Hizo nyingine ulikuwa waziharibu tu."

Nilikasirika. Sikuzungumza naye hadi jioni. Ndivyo nilivyo, na siandiki haya ili nionekane mzuri.

Mchana nilikuwa nauza vifuniko vya simu karibu na Feri, kwenye kibanda cha mtu mwingine. Jumapili za mashindano nilikwenda mkahawa mmoja ulio kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, uliopakana na msikiti ukuta kwa ukuta. Mwenye mkahawa ni mzee mnene wa familia ya hapo hapo, sote twamwita ami. Siku ya kwanza televisheni ilikuwa ikipiga kelele kwa Kiingereza, ami akachukua rimoti akazima sauti.

"Huyu mtangazaji ana nini? Yuwafa?" akauliza. Kisha akanigeukia. "Wewe wazijua hizi gari. Tueleze."

Nikaeleza. Jumapili iliyofuata viti havikutosha. Washonaji, wachukuzi, wauza vinyago, wote walikuja kunisikiliza, na walinitesa kwa maswali. Nilipowaambia kwamba barabara ikiwa kavu magari yale hutumia matairi yasiyo na michoro hata kidogo, na kwamba mimi nayaita vipara, fundi mmoja wa cherehani alishika kichwa.

"Tajiri mzima yuwaendesha na tairi kipara? Angepita hapa Feri hivyo, askari wangemla mzimamzima!"

Nikawaeleza kwamba kipara hukamata lami kavu kuliko tairi lolote, lakini likidondoka tone, gari lateleza kama sabuni. Kwamba kuna tairi la manyunyu na kuna tairi la mvua kubwa, na kwamba mvua ikianza au ikikatika, kila dereva hubahatisha lini aingie kubadilisha. Walielewa. Sijawahi kufurahi kama siku ile.

Kisha akaja mtayarishaji wa redio moja ya mjini. Alikaa nyuma na kahawa yake, akasikiliza mbio nzima, halafu akanambia atanipa nafasi moja: mashindano yanayofuata, hewani, moja kwa moja kutoka pale pale mkahawani, kwa simu yangu. Nikifanya vizuri nitatangaza msimu mzima. Nikiharibu, basi.

Wiki mbili nzima nilijiandaa. Niliandika majina ya kona zote na namna ya kuyatamka. Niliandika sentensi za kujazia gari la usalama, lile la kuyapunguza mengine mwendo, likiingia, na za bendera nyekundu ikiwa mashindano yatasimamishwa. Niliandika itakuwaje umeme ukipotea, na itakuwaje simu ikiisha chaji. Nilidhani nimeandika kila kitu. Sikuandika Magharibi.

Nimezaliwa kisiwani humu. Kila siku ya maisha yangu adhana ya Magharibi imenipata mahali, na katika mkahawa wa ami, ikiadhiniwa tu, televisheni huzimwa. Hapunguzi sauti, azima kabisa, kioo cheusi, hadi watu warudi kutoka kuswali. Kila mtu ajua. Mimi nilijua. Lakini mbio hizi huanza saa kumi na kwisha kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo ilikuwa haijawahi kutokea vitu viwili hivyo vikakutana.

Siku ile mvua ilishuka baada ya mizunguko kumi. Bendera nyekundu. Magari yakapangwa yamefunikwa maturubai, na madereva wakasimama chini ya miavuli kama watu waliokosa pa kwenda. Ikapita zaidi ya saa nzima. Na mimi, wallahi, nilikuwa mzuri. Nilieleza maji yanavyotoka nyuma ya tairi na kumpofusha wa nyuma, nilieleza kwa nini upande mmoja wa barabara unaweza kuwa umeloa na mwingine mkavu. Nilitumia kila sentensi niliyoiandika. Fundi wa cherehani alipopaza sauti, "Wape mabati wajifunike!" niliacha kicheko kiende hewani kisha nikaendelea bila kukwama. Hakukuwa na "eee" hata moja.

Mvua ikakatika, mbio zikarudi. Gari jeusi lilikuwa mbele, limevaa tairi za manyunyu. Barabara ikaanza kukauka, ukaonekana mstari mweupe katikati ya lami. Gari jeupe, la pili, likaingia ghafla likavaa vipara. Mkahawa mzima ukasimama. Jeupe lilitoka likiwa nyuma sana, lakini likawa linapunguza sekunde tatu kila mzunguko. Ikabaki mizunguko minne, na pengo sekunde kumi na moja.

"Hesabu yake iko wazi!" nilisema hewani. "Mizunguko minne, sekunde tatu tatu! Jeupe litafika!"

"Allahu akbar, Allahu akbar," ikasema spika ya msikiti.

Ami akabonyeza rimoti.

Sitasahau kioo kile. Niliona uso wangu ndani yake. Watu wakatafuta viatu wakatoka, kimya, bila hata kulalamika, na hilo nalo lilinikasirisha: muda wote ule wamepiga makelele, sasa wanatoka kana kwamba hakuna linaloendelea. Nikamfanyia ami ishara kwa mkono, nakuomba, dakika tano. Akatikisa kichwa, akaenda kutawadha.

Simu niliyokuwa natangazia ndiyo simu pekee niliyokuwa nayo, sikuwa na pengine pa kutazamia mbio. Nikanyamaza. Sikioni mtayarishaji akaanza, "Uko hewani. Sema kitu. Sema kitu, ndugu, hewa imekufa!"

Nikatoka kichochoroni, nikasimama na uso ukutani, nikaziba sikio moja kwa kidole, nikatangaza. Nilitunga. Nilisema mizunguko mitatu, kisha miwili, nikataja kona moja baada ya nyingine kwa majina niliyoyahifadhi. Nilisema jeupe limeliona jeusi, limekaa mgongoni mwake, limechungulia kulia, likarudi. Nikapandisha sauti. Mzunguko wa mwisho nililipitisha jeupe kwa ndani, kwenye kona ya juu ya kilima, nikapiga kelele hadi koo likauma: "Jeupe! Jeupe limeshinda!" Wenzangu wamesimama safu upande wa pili wa ukuta ule, nami nadanganya watu nisiowajua. Sikuswali Magharibi ile kwa wakati wake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Watu waliporudi ami akawasha televisheni. Aliyekuwa jukwaani akimwagiwa mvinyo ni dereva wa gari jeusi. Wakarudia picha: ilipobaki mizunguko miwili, manyunyu yalirudi upande wa mbali wa barabara, kwenye sehemu moja tu, na jeupe na vipara vyake liliteleza polepole, karibu kwa adabu, hadi kwenye mchanga. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha watu wote wale kwamba tone moja latosha.

Simu ikalia ujumbe kutoka kwa mtayarishaji. "Moto! Njoo kesho."

Hasira yote nikammwagia ami.

"Umenimaliza, ami! Dakika tano tu!"

"Nimekumaliza mimi?" Hakupandisha sauti, alikuwa akipanga vikombe. "Ulitaka muadhini aje akuulize kwanza umefika mzunguko wa ngapi?"

Watu wakacheka. Niliondoka bila kulipa kahawa wala kuaga, na nilimsema vibaya njia nzima hadi Majengo, kwa sauti, peke yangu.

Mamangu huuza viazi karai mlangoni, vya kukaangwa na unga na kuliwa kwa ukwaju. Jioni ile alikuwa ameweka redio juu ya ndoo, na tangu saa kumi kila mteja aliyekuja alilazimishwa kusikiliza. Nilimkuta ameinamia mafuta. Jirani akanieleza kabla sijakaa: mamangu alikuwa ametangazia mtaa mzima kwamba jeupe limeshinda, na kijana mmoja aliyekuja kununua viazi akasema hapana, jeusi. Mama akamwambia, "Aliyetangaza ni mwanangu, na mwanangu hakosei. Hufuta na kurudia hadi ikae sawa." Kijana akatoa simu akamwonyesha. Waliokuwepo wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mama, hata viazi labda ni mihogo."

Nikaanza kueleza mvua, ami, rimoti. Akanikata.

"Nilisikia adhana nyuma ya sauti yako," alisema. "Nami naujua mkahawa ule, babako alikuwa akinywa kahawa pale. Nakuuliza neno moja. Uliona, ama hukuona?"

"Sikuona."

Akageuza viazi. Ningependa angenitukana.

Jumatatu nilikwenda redioni nikiwa nimeandika maneno ya kusahihisha, mistari sita, nimeyanakili mara tisa. Mtayarishaji alinipokea kama bwana harusi, akanipigapiga mgongo. Nikamwambia kabla hajaniketisha: mizunguko minne ya mwisho sikuiona, niliitunga, nataka kuwaambia watu.

Akacheka. "Kwani nilikuwa sijui? Nilikuwa natazama hapa kwenye kompyuta. Jeupe liko mchangani, nawe ndiyo kwanza unalipitisha kilimani!"

"Mbona hukunikata?"

"Nikukate vipi? Ulikuwa unawaka! Yale ya bendera na matairi yalikuwa mazuri, sikatai, lakini ni darasa. Mwisho ndio watu wamepiga simu." Akaninyooshea kidole. "Mimi nataka ule mwisho. Kila mara."

Nilikaa pale nikihisi masikio yanawaka. Madaftari matatu. Saa nzima ya mvua bila kosa hata moja, na yeye amelipenda lile moja la uongo, tena akijua ni uongo, tena akaliacha limfikie mamangu. Nilitaka kumrushia kikombe. Badala yake, na hapa ndipo najichukia kuliko kichochoroni, nilisema, "Sawa." Nilikubali kutangaza mashindano yaliyofuata, kutoka studio. Niliitaka ile kazi. Niliitaka hadi nikanyamaza.

Wiki mbili zikapita. Mamangu hakuniuliza tena lolote, na redio aliirudisha juu ya ndoo.

Jumapili ilipofika, taa nyekundu ya studio ilipowaka, nilisalimia, kisha nikaanza mistari yangu sita bila ruhusa ya mtu. Nilisema, "Kabla ya mbio za leo, nina la kusahihisha. Mashindano yaliyopita niliwaambia gari jeupe limeshinda. Sikuona..." Nyuma ya kioo nikamwona mtayarishaji akimpungia fundi mitambo mkono akate. Sikioni ukaingia wimbo wa tangazo la sabuni.

Aliingia akiwa mwekundu wa macho. "Toka! Nenda ukatubu msikitini, hapa ni redio!"

Nikamtukana. Sitayaandika niliyoyasema, lakini nilisema mengi, na nilisema vizuri, bila kukwama. Mbio zile walizitangaza wenyewe kwa muziki na matokeo. Hakunipigia tena, wala mimi sijampigia.

Nilitembea kwa miguu hadi Majengo. Mamangu alikuwa na wateja watatu mbele yake, na redio bado inaimba.

"Nimesikia 'sikuona'," alisema, "halafu wakaleta sabuni. Ulikuwa wasema nini?"

"Wamenifukuza."

"Hilo sikukuuliza. Ulikuwa wasema nini?"

Basi nikasimama pale mlangoni, nikayasema yote. Nilisema televisheni ilizimwa kwa ajili ya Magharibi na hilo lilikuwa kosa langu kutolipanga. Nikasema ilibaki mizunguko minne na sikuona hata mmoja. Manyunyu yalirudi upande wa mbali, gari jeupe lilikuwa na vipara, likateleza, na aliyeshinda ni jeusi. Niliutaja kila mzunguko na kilichotokea ndani yake, kwa utaratibu, kama nilivyopaswa kuutaja siku ile.

Mamangu alisikiliza hadi mwisho, kijiko hewani. Mteja wa kwanza, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alitutazama sisi wawili, akangoja aone kama yamekwisha.

"Haya," akasema. "Jeusi. Nipe vya hamsini, na ukwaju usiweke mwingi."