Kuteleza Juu ya Wimbi

Binti yangu anasoma Durban, na mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti: anatamani kujifunza kufanya surf, lakini hataingia baharini mpaka koko, yaani bibi yake, akubali. Koko huyo ni mama yangu. Amezeeka hapa milimani Nyabiondo akilima maharage, na bahari hajaiona.

"Surf njo nini?" aliniuliza.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sipendi kushindwa na neno. Nilimweleza kwamba Kifaransa kimeliazima tu kutoka Kiingereza, na kwa Kiingereza ni mawimbi yanayovunjika ufukoni. Lilikotoka kabla ya hapo, wenyewe bado wanabishana. Mama aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Mwalimu, sijajua bado mutoto anafanya nini." Nilinuna kabisa. Nilimuuliza binti yangu, naye akasema walioanza mchezo huo, watu wa visiwa vya Hawaii, wana neno lao, *he'e nalu*: kuteleza juu ya wimbi.

"Kuteleza," mama akasema, akasukuma ungo kando. "Ungesema vile tangu mbele."

Kumbe alikuwa bingwa. Utotoni, mvua ikishaacha, yeye na wenzake walikalia maganda ya mgomba na kushuka kilima kizima, matope mpaka kwenye meno. Na mimi aliwahi kunichapa kwa kuchafua sketi! Walikuwa na sheria moja tu: hakuna anayeteleza kabla mwenzake hajasimama chini kumpokea.

Akachukua simu yangu. "Mutoto yangu, nani iko anakupokea kule chini?"

Binti yangu akajibu: "Mwalimu wa surf iko, Koko. Ila muntu wa kwetu, hakuna."

Mama alifuta macho kwa kitenge, akamwambia aingie, lakini siku ya Jumamosi, na ampigie kwanza.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi mama hupanda kilimani, mahali ambapo réseau ya simu inapatikana vizuri. Binti yangu humpigia kabla ya kuingia majini, na tena akishatoka. Kati ya simu hizo mbili, mama husimama. Nilimpelekea kiti, akakikataa.

Jumamosi iliyopita mvua ilitukuta huko juu. Nilimsihi turudi nyumbani.

"Mutoto hajafika," alisema. Simu alikuwa ameifunga kifuani ndani ya kitenge, mikono yote miwili iwe wazi kumpokea.