Achia Tumbo

Wateja wa fundi Sindano wote waliijua amri yake: "Achia tumbo!" Mtu akisimama kupimwa huvuta tumbo ndani, apewe kiuno asichokuwa nacho, kisha nguo ikimbana aje kumlaumu fundi. "Nashona nguo ya kulia chakula, bibi wee, si ya kupigia picha," alikuwa akisema, na kusubiri mpaka pumzi itoke.

Sindano alipougua saratani ya titi, nayo ikakaidi dawa za kawaida, alikubali kuingia katika majaribio ya dawa mpya hospitalini. Dada yake mkubwa alipandwa na hasira.

"Wamekugeuza panya wao!"

"Panya huombwa ridhaa, dada? Mimi nimeelezwa, nimeuliza, nimekubali kwa mdomo wangu. Na siku nikichoka, natoka. Umemwona panya gani mwenye ruhusa hiyo?"

Dada akasonya, kisha akacheka bila kupenda.

Uvimbe ukaanza kunywea. Lakini vidole navyo vikaanza kufa ganzi. Kila alipokwenda kliniki, daktari alimuuliza, "Mikono vipi, mama?" Naye akajibu, "Salama kabisa." Alijua akisema kweli, huenda wakampunguzia dawa, au wakamtoa. Dawa hiyo ilikuwa kamba pekee iliyoshuka hadi kwenye shimo lake, na mtu aliye shimoni hailalamikii kamba kwamba inachubua.

Alasiri moja alikuwa akishona blauzi nyeupe. Dada, aliyekuwa akitia vifungo kando yake, akapiga ukelele. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita kwenye kidole, damu imetapakaa kwenye kola, na mguu wa fundi ungali unakanyaga. Hakuwa amehisi kitu.

Dada alimfunga kidole kwa kipande cha kitambaa. "Na daktari unamwambia nini?"

"Namwambia salama."

Dada akakaza fundo. "Umevuta tumbo, mdogo wangu."



Siku ya kliniki ilipofika, aliweka mkono juu ya meza ya daktari kabla hajaulizwa.

"Mkono huu una ganzi, siku nyingi. Nilikudanganya."

"Kwa nini, mama? Ungeweza kuupoteza mkono huu."

"Niliogopa mtanitoa. Bado naogopa. Ila kuna watakaopewa dawa hii baada yangu, nami sitaki wakatiwe nguo kwa vipimo vyangu vya uongo. Basi andika. Lakini usidhani nimekuja kuaga. Mkinitoa hapa, nitauliza mlango mwingine uko wapi. Mimi na ugonjwa huu hatujamalizana."

Daktari aliandika. Dawa ikapunguzwa; kuhusu kubaki, wangeamua wakiona vidole vinaendaje. Hakumwahidi kitu, naye hakuomba ahadi.

Sasa dada ndiye anayetunga uzi, akilalamika kuhusu macho yake. Sindano anashona polepole, jicho likifanya kazi ya kidole. Jana aliingia mama mmoja mnene, akasimama mbele ya kioo, akavuta pumzi.

Ndugu hao wawili wakamkaripia kwa pamoja.