Kitabu cha Ndege na Marashi ya Bi Mkubwa

Siku ya kwanza kazini, Mama Mkutubi, yule Mwingereza mkuu wa maktaba ya Lindi, hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alininusa viganja. "Mafuta ya nazi," akasema. "Nenda kanawe." Nilikuwa nimetoka Kilwa, nilikokuwa tarishi wa bomani, nikashangaa kusikia mikono ya mtu inaharibu karatasi. Nyie mnaolamba kidole ndipo mfunue ukurasa, mngefukuzwa kabla ya chai.

Baadaye akaazima kutoka Dar es Salaam kitabu cha kale cha picha za ndege, kikubwa kama sinia la pilau, kila unyoya umepakwa rangi kwa mkono. Tulikiweka katika kabati la kioo, juu ya kitegemeo, yaani kibao cha mshazari kinachozuia mgongo wa kitabu usivunjike. Rangi zile zilikuwa za maji. "Tone moja tu," Mama Mkutubi akaniambia, "picha imekwisha, na wewe kazi huna." Wallahi, usingizi ulinikimbia. Na joto la Lindi mnalijua! Kila nikikaribia kabati nilijifuta uso kwanza, nisije nikadondosha jasho.

Siku ya maonesho alikuja Liwali na watu wa mjini. Mama Mkutubi akafungua kioo ili amfunulie Liwali ukurasa mwingine. Mara nikamwona Bi Mkubwa wa mtaa wa Mtanda, mama aliyesifika kwa maulidi yake, anaingia na mrashi wa fedha, ile chupa ya shingo ndefu. Kwetu mgeni wa heshima hunyunyiziwa marashi. Akaanza na Liwali, akaja kwa Mama Mkutubi, kisha akakitazama kitabu.

"Mashaallah! Na huyu naye mgeni," akasema, akainua mkono.

"Bi Mkubwa, ngoja!" nikapiga kelele.

Wapi! Nikajipenyeza katikati, nimempa mgongo. Kanzu ikalowa chapachapa.

"Una wazimu?" Mama Mkutubi akafoka. Liwali naye akanikazia macho, maana nimemkemea mtu mzima mbele za watu.

"Rangi za maji, Mama," nikasema.

Akainama, akaikagua picha pembe hadi pembe. Kavu. Akafunga kioo.

Bi Mkubwa akacheka. "Kumbe, mwanangu, uliyataka marashi yote peke yako!"

Kitabu kilirudi Dar es Salaam salama, sikukiona tena. Nilibaki maktaba ileile mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga, wajukuu wa Bi Mkubwa wakaja na mrashi wake. Ulipoinuliwa tu, nikaruka, nikaikinga meza kwa mgongo. Watu wakaangua kicheko. Nikageuka kutazama kama kitabu kimepona.

Ilikuwa sahani ya kaimati.